Wembe wa Zamani Usafishwe Mpaka Wapi?

Wembe wa kukunja umerudi mjini. Vijana wa saluni za Mwanjelwa, Soweto na Uyole jijini Mbeya, na wenzao wa Iringa mjini, wameanza kuzitoa kwenye masanduku ya wazee zile nyembe ndefu zinazojifumbata ndani ya mpini wake, ambazo kwa miaka mingi zililala na kutu pamoja na kadi za kliniki na sarafu zilizokwisha kutumika. Wanazipeleka kwa fundi, fundi anaziweka kwenye grenda, na jioni picha mbili zinapandishwa mtandaoni: ya kwanza inaonyesha wembe mwekundu kwa kutu, ya pili wembe unaong'aa mpaka unajiona uso. Pongezi zinamiminika, na wengi wanaamini kwamba kitu cha zamani kimeokolewa. Mimi naona kinyume. Kazi inayosifiwa kwenye ile picha ya pili mara nyingi ndiyo iliyoumaliza wembe, na tunaisifu kwa sababu tumechukua mng'ao kuwa kipimo. Kipimo chenyewe ni chuma. Chuma kilichotolewa kwenye wembe hakirudi, kwa hiyo fundi ana haki ya kutoa kile tu kinachouzuia wembe kunyoa au kinachoendelea kuula. Kutu nyekundu iondoke, makali yarudi, na mkono usimame hapo.

Inafaa kwanza kukumbuka nyembe hizi zilifikaje huku Nyanda za Juu Kusini. Nyingi zinazopatikana kwetu zina jina la mji mmoja kati ya miwili: Sheffield wa Uingereza au Solingen wa Ujerumani. Sheffield ulijijengea jina tangu miaka ya 1740, Benjamin Huntsman alipobuni njia ya kuyeyusha chuma cha kaboni ndani ya vyungu na kupata chuma kisafi chenye ugumu ulio sawa kila sehemu. Solingen ulikuja kulitawala soko kwa ufundi wa kuchimba mbavu za wembe, yaani pande zake mbili, hadi zikawa nyembamba sana, na jina lake lilithaminiwa kiasi kwamba mwaka 1938 lililindwa kwa sheria ya Ujerumani. Wamisheni wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, jeshi la Wajerumani likajenga boma lake Iringa mwaka 1896, wakulima wa Kijerumani wakaanza chai Mufindi miaka ya 1920, na dhahabu ya Lupa huko Chunya ikavuta wachimbaji wa Kizungu kwa mamia katika miaka ya 1920 na 1930. Wanaume hao wote walinyoa ndevu. Wakati huohuo wembe mdogo wa kutupa, ambao King C. Gillette alipata hataza yake mwaka 1904 na ambao jeshi la Marekani liliwagawia askari wake katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ulikuwa unausukuma ule wa kukunja pembeni. Wa kukunja ukabaki kwa mpishi, kwa karani, kwa askari aliyestaafu, kwa katekista, na kutoka kwao ukaingia kwenye sanduku ambalo leo mjukuu analifungua.

Sasa tuutazame wembe wenyewe, maana ubishi wote huu unaamuliwa na umbo lake. Ukiukata kwa upana utaona mgongo mnene juu, mbavu zilizochimbwa kuingia ndani, na makali membamba chini. Mgongo haukuwekwa kwa ajili ya uzito tu. Unaponoa, unaulaza wembe bapa juu ya jiwe, mgongo na makali vikiligusa jiwe kwa pamoja, na ni unene wa mgongo ukilinganishwa na upana wa wembe unaoamua pembe ya makali. Chukua wembe wa kawaida wenye upana wa milimita 16 na mgongo wa milimita 4.5: pembe yake inakuja karibu na digrii 16, nayo ni pembe nzuri ya kunyolea. Fundi akiusaga mgongo ili kufuta vishimo vya kutu, akatoa milimita moja tu, pembe inashuka chini ya digrii 13. Makali yanakuwa dhaifu, yanajikunja au kumeguka yakikutana na ndevu ngumu. Akifanya kinyume chake, akakata milimita mbili za upana ili kuondoa mapengo huku mgongo ukibaki kama ulivyo, pembe inapanda kupita digrii 18 na wembe unaanza kukwangua badala ya kukata. Aliyeutengeneza alishaupigia hesabu hiyo. Anayeuweka kwenye grenda bila kupima anaivuruga, na hakuna jiwe la kunolea litakaloirekebisha baadaye.

Kuna jambo baya zaidi ambalo jicho halilioni, nalo ni joto. Chuma cha nyembe hizi kilipashwa moto hadi kikawa chekundu, kikazamishwa ghafla kipoe, kisha kikapashwa tena polepole, kwa kawaida kati ya nyuzijoto 200 na 230, ili kipunguze wepesi wa kupasuka bila kupoteza ugumu. Ukikirudisha kwenye joto linalozidi hapo, ugumu unaanza kuondoka. Kwenye ukingo mwembamba kuliko karatasi, grenda inafikisha nyuzijoto 300 ndani ya kufumba na kufumbua, na ishara yake ni rangi ya bluu inayotokea karibu na makali. Fundi mzoefu akiiona bluu hiyo anajua kwamba sehemu hiyo haitashika makali tena. Asiyejua, au anayejua na kunyamaza, anaipitisha kwenye brashi ya kung'arishia, bluu inafutika, na mteja anakabidhiwa chuma laini chenye sura ya almasi. Ni kupaka chokaa ukuta wenye ufa. Wembe wa aina hiyo unanyoa mara mbili au tatu, kisha unadai jiwe, halafu unadai tena, na mwenyewe anaishia kusema nyembe za zamani zilikuwa ovyo. Hapo ndipo mng'ao unapogeuka kuwa njia ya kuficha kosa, na kwa sababu hiyo nasema picha ya baada haithibitishi chochote.

Halafu kuna alama. Kwenye shina la wembe, pale chuma kinapokaribia pini ya mpini, watengenezaji walipiga mhuri wa jina lao, mji na nchi. Herufi hizo zina kina kidogo sana, na raundi mbili za msasa wa kukwaruza zinatosha kuzifuta. Ndizo zinazoutambulisha wembe. Wembe wa Sheffield wenye taji na herufi V R ni wa enzi ya Malkia Victoria, kati ya 1837 na 1901. Wembe wenye neno Germany mara nyingi ni wa baada ya 1890, mwaka ambao Marekani ilipitisha sheria ya kudai kila bidhaa ya kigeni ionyeshe nchi ilikotoka. Uingereza ilikuwa na sheria yake ya alama za bidhaa tangu 1887. Kwa familia ya Kyela au Makete ambayo haina picha wala barua ya babu yao, mhuri huo unaweza kuwa maandishi pekee yanayosema alifanya kazi kwa nani na miaka gani. Niliwahi kushika kwenye karakana moja ya Mbeya wembe uliosagwa vizuri sana kwa macho, ambao shina lake lilikuwa limebaki na herufi mbili za mwisho, "en". Mwenye wembe alifurahi. Nami sikuona cha kusherehekea, kwa sababu swali ambalo watoto wake watakuja kuliuliza lilikuwa limeshafutwa.

Watetezi wa mng'ao wana hoja, na si zote nyepesi. Ya kwanza ni kwamba wembe ni mali ya mtu, si ya makumbusho, na mwenye mali ana haki ya kuifanya atakavyo. Hii naikubali. Sitamzuia mtu kuung'arisha wembe wa babu yake hadi ung'ae kama jua kwenye kioo cha gari. Lakini haki ya kuamua inahitaji mwenye kuamua aelezwe. Wateja wengi hawaambiwi kwamba mng'ao una bei ya chuma, kwamba mhuri utaondoka, kwamba mgongo utapungua. Mteja akiambiwa yote hayo na bado akataka kioo, sawa, ni wake. Hoja ya pili ni ya riziki: fundi anaishi kwa kile mteja anachokiona, na mteja anaona mng'ao. Hii nayo ni ya kweli, na nitairudia chini, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha tatizo.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na bahati mbaya ndiyo inayorudiwa zaidi na vinyozi: kwamba wembe lazima usagwe hadi ung'ae ili uwe salama kwa afya, kwani vishimo vinatunza vijidudu. Kuna punje ya ukweli humo. Kishimo kinashika sabuni, damu na nywele, na chuma kisicho na vishimo ni rahisi kukiosha. Lakini kuosha ni jambo moja na kuua vijidudu ni jingine, na mng'ao hauui chochote. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7, na vinakaa juu ya chuma kinachong'aa sawasawa na juu ya chuma chenye madoa. Tunazungumza haya katika ukanda ambao utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 uliikuta Njombe ikiongoza mikoa yote kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.4. Kuwaambia wateja wa ukanda huu kwamba wembe ni salama kwa sababu unang'aa ni kuwapa imani isiyo na msingi.

Tena njia za usafi zilizozoeleka saluni haziendani na wembe huu. Jiki inaua virusi vizuri, lakini inachimba chuma cha kaboni na kuleta vishimo vilevile tulivyotaka kuviondoa. Kuchemsha kunasaidia, ila kwa mwinuko wa Mbeya, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka karibu na nyuzijoto 94, na vijidudu vigumu zaidi vinaweza kupona hapo. Mashine ya mvuke ya hospitali inafika nyuzijoto 121, joto ambalo haliudhuru ugumu wa chuma, lakini mipini mingi ya zamani itapinda au kupasuka ndani yake. Ukiyajumlisha, jibu linakuwa wazi: wembe wa kukunja wa zamani ni wembe wa mtu mmoja. Anyolee nyumbani kwake, au auache kwa kinyozi wake ukiwa na jina lake na umnyoe yeye peke yake. Saluni inayohudumia watu wengi itumie kishikio cha kisasa cha umbo lilelile, kinachopokea nusu ya wembe wa kutupa, mteja akiona ukifunguliwa mpya mbele yake. Suala la afya likishamalizwa hivyo, hakuna sababu ya kiafya iliyobaki ya kuusaga wembe wa babu.

Upande wa pili wapo wanaosema wembe usiguswe kabisa, kutu ni historia. Nawaelewa, lakini kwa hali ya hewa yetu ni ushauri wa kuupoteza wembe polepole. Rungwe inapata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, ukungu wa Makete na Njombe unaingia hadi kwenye kabati, na kutu nyekundu ni uharibifu unaoendelea: inavuta unyevu, inapanuka, inachimba chini zaidi. Kuiacha ni kuiruhusu. Doa jeusi au la kijivu ni habari nyingine. Hilo limeshikamana na chuma, limetulia, na kwa kiasi fulani linakinga kilicho chini yake. Tofauti ya rangi hizo mbili inapaswa kuwa somo la kwanza la kila fundi anayepokea wembe: nyekundu iondoke, nyeusi ibaki.

Upo pia wakati ambapo kushikilia kila kipande cha asili ni kosa, na mfano mzuri ni mpini wa seluloidi, ile plastiki ya kwanza kabisa iliyosambaa kuanzia miaka ya 1870 na iliyotengenezwa kufanana na pembe, gamba la kobe au meno ya tembo. Seluloidi ikizeeka inaanza kuoza na kutoa mvuke wa asidi, na mvuke huo unaula wembe uliofumbatwa ndani yake. Ukikuta wembe wenye kutu kali katikati tu, pale unapofunikwa na mpini, huku shina na ncha vikiwa vizima, na mpini wenyewe una nyufa ndogo na harufu kali, usihangaike kuuhifadhi. Utenganishe na wembe siku hiyohiyo, na usiuguse kwa grenda, maana seluloidi inashika moto kwa cheche moja. Mpini mpya wa pembe ya ng'ombe au wa mpingo wa kusini utakaa miaka mingi, na pini mbili za shaba zikigongwa taratibu kwa nyundo ndogo zinatosha. Kama mpini ni meno ya tembo halisi, jambo linakuwa la kisheria kabla halijawa la ufundi. Biashara ya kimataifa ya meno hayo ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, uamuzi ambao Tanzania yenyewe ilikuwa mstari wa mbele kuutaka, na nchini kwetu meno ya tembo ni nyara za serikali. Kuna vijana wanaotangaza mipini ya namna hiyo mtandaoni kwa fahari bila kujua wanajiingiza wapi. Waende kwanza kwa maofisa wa wanyamapori, kabla ya kuuza na kabla ya kutengeneza.

Kwa hiyo mpaka wenyewe uko wapi, kwa mikono? Wembe upakwe mafuta ya cherehani na uachwe ulale usiku mzima, kutu iliyolegea ifutwe kwa kitambaa, na iliyobaki isuguliwe kwa msasa wa maji, ule wanaoutumia wapaka rangi wa magari, kuanzia namba 1000 na kushuka hadi 600 pale tu kutu inapogoma, kisha kumalizia kwa 2000. Kidole ndicho kiwe mashine, kwa sababu kidole kinahisi joto na kinafuata mbavu za wembe. Shina lenye mhuri lipewe kitambaa na mafuta tu. Limao na siki viachwe jikoni: vinakula kutu, ndiyo, lakini havijui kusimama, na chuma kinabaki kijivu kilichochanjwachanjwa. Vishimo vilivyo katikati ya mbavu havizuii kunyoa, viachwe. Vishimo vilivyo kwenye makali ndivyo vya kuangaliwa kwa lenzi. Kama kunoa kwa kawaida kutavipita, vema. Kama jiwe likifika kwenye kishimo na makali yakameguka, na hapo tena yakameguka, wembe huo umeshamaliza kazi ya kunyoa, na cha heshima ni kuusafisha, kuupaka mafuta na kuutunza kama kumbukumbu. Fundi anayesema ukweli huo ananyimwa malipo, na ndiyo maana hausemwi.

Hapo turudi kwenye riziki. Grenda inamaliza wembe kwa nusu saa. Mkono unachukua siku nzima, na matokeo yake kwenye picha hayavutii: wembe wenye madoa meusi, mhuri unaosomeka, makali yanayokata unywele. Maadamu bei inapangwa kwa mng'ao, fundi mwangalifu atashindwa na fundi wa haraka kila wiki, na nyembe chache zilizobaki katika nyanda hizi zitaisha ndani ya miaka michache, kwani hakuna anayetengeneza nyingine za 1900. Sidhani lawama inamfika fundi peke yake. Mteja anaweza kubadili mambo kwa maswali matatu kabla hajaacha wembe wake mezani: utatumia mkono au mashine, mhuri utabaki, na ukiona haufai kunyoa utaniambia? Na anapoufuata asiuangalie uso wake ndani yake. Apime mgongo na upana kwa kipimo cha fundi chuma, alinganishe na vipimo alivyoandika siku aliyouleta, na alipe kwa kile ambacho hakikuondolewa. Vinyozi wa Mwanjelwa wenye wafuasi wengi mtandaoni wanaweza kufanya zaidi: badala ya picha mbili waweke tatu, ya kutu, ya mhuri kwa karibu, na ya makali yakikata unywele mmoja uliosimama.